Sauti ya Mji wa Lipa

Siku hizi kila mji unaokua ni lazima uwe na sauti ya kusemea mitambo yake, na sauti yenyewe iwe ya mzaliwa wake mmoja. Lipa, mji wa Ufilipino, ilipewa sauti ya Luningning, muuza kahawa wa sokoni. Belen aliposikia habari hizo, roho ilimuuma.

Mumewe, Amador, enzi za ujana alibeba gitaa akaenda kumwimbia Luningning chini ya dirisha lake, kama vijana wa huko walivyobembeleza wachumba, na dirisha halikufunguliwa. Sasa kila dirisha la Lipa lilimjibu. Taa za barabarani zilimwambia avuke. Lifti za maghorofa mapya zilimtakia siku njema. Hata jiko la Belen mwenyewe, kwa adabu ya huko ya kumwita mzee wa kiume Mang na wa kike Aling, lilisema, "Mang Amador, kahawa imechemka," na mzee akanyanyuka mbio, yeye ambaye mkewe humwita mpaka koo limkauke.

"Unalichekea jiko," Belen alimwambia.

"Nimecheka lini?"

Asubuhi moja Belen alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akailegeza sauti, akayavuta maneno kama Luningning. "Mang Amador, njoo ule."

Amador akaja upesi, shati amelichomekea, uso umemkunjuka. Akamwona mkewe.

"Kumbe ni wewe," akasema, na uso ukamshuka.

Belen akampakulia wali. Alijua kwamba kesho atamwita vile vile, na keshokutwa pia.

Kutoka ukutani, sauti ya Luningning ikamwambia kwa upole, "Umekaribia, Aling Belen. Livute kidogo neno la mwisho."