Buti za Uvunguni

Tume ya kuchunguza kifo cha kuruta mmoja kambini ilikuwa inafunga kazi siku hiyo, na sajenti mstaafu bado alikuwa amekaa kitandani anang'arisha buti kuukuu alizozitoa uvunguni.

"Baba watoto, unaenda kusema au huendi?" mkewe akafoka. "Umenichosha!"

"Yaliyopita si ndwele. Mkuu wetu aliandika kwamba yule kuruta alizama akioga, nami nikatia sahihi. Basi, yaishe!"

Mkewe akampokonya buti moja amtwange nayo, mkono ukaganda hewani. Ilikuwa ndogo mno kwa mguu wa mumewe, na kamba zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu.

"Hii ulimvua nani?"

"Huyohuyo kuruta," akasema, macho kwenye brashi. "Tulipomwopoa mtoni."

"Kwa hiyo alikuwa anaoga na buti?" Akamrushia shati. "Vaa. Hizi nitazibeba mimi."