Sweta Ufuoni

Katika picha ile, mama yake Cheruto alikuwa amesimama ufuoni Mombasa, jua likiwaka, naye amevaa sweta.

Sweta ya kijani, nzito, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Nyuma yake bahari, minazi miwili na hoteli nyeupe. Kando yake mwanamume mrefu mwenye nywele nyingi, mkono wa kulia amekunja ngumi kama aliyeficha kitu. Huyo ndiye baba. Cheruto alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kumwona mahali pengine ila hapo.

"Mombasa gani ya sweta?" Khaemba wa saiba, pale mjini anapochapisha watu picha, alicheka, akiigeuza picha chini ya taa. "Huko watu hutembea na leso tu, siste. Ama mathe alikuwa na malaria?"

Cheruto aliangalia saa ya ukutani. Basi la Mombasa lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili jioni, na sasa ilikuwa imepita saa tisa. Ili apate tiketi alikuwa ameuza kondoo wawili, ndio pekee marehemu mama yake aliomwachia.

"Nataka tu iwe kubwa," alisema. "Uso uonekane. Nitawaonyesha wazee wa hoteli za huko, labda kuna anayemkumbuka."

"Imepasuka hapa shingoni kwa huyu buda. Nikiikuza, ufa nao utakua. Jaribu Mzee Ndegwa, nyuma ya soko. Alikuwa na studio zamani, anajua kuziba kwa brashi. Lakini kimbia, anahama leo. Jengo linabomolewa."

Alikimbia, bahasha kifuani. Njiani alizirudia hadithi za mama kama mtoto anayeingia kwenye mtihani. Mwanzo, mama alisema, ufuo ule ulikuwa vichaka na mashamba ya minazi, na hoteli ya kwanza ilikuwa vibanda vya makuti. Wazungu wachache walikuja na treni, wakalala chini ya neti, wakaoga kwa ndoo. Halafu ndege zikaanza kuwamwaga, Wajerumani kwa mamia, wakajilaza juani hadi wakaiva kama nyanya za Subukia. Mama alitandika vitanda vyao. Baba aliwapelekea vinywaji. Kisha mama akarudi kijijini kwao Keringet na mimba, na picha, na neno kwamba mume anafuata. Kule Keringet hakuna aliyekuwa amefika Mombasa ambaye angembishia. Walimsikiliza, wakamtandikia kitanda.

Mzee Ndegwa alikuwa nje ya mlango, amepiga magoti, akigeuzageuza mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai kuukuu. Makasha yalikuwa yamepangwa ukutani yakingoja gari.

"Studio imefungwa, msichana wangu," alisema bila kuinua kichwa.

"Ni ufa mmoja tu, mzee. Naenda Mombasa leo jioni."

"Mombasa!" Uso ukamfunguka. "Huko nilipiga watalii picha miaka sita, kabla sijafungua hapa. Nilikuta wahudumu wazee wakisimulia vile hoteli ya kwanza ilikuwa makuti matupu, mzungu anaoga kwa ndoo. Sisi tukawapata wale wa ndege. Wajerumani! Mtu analala mchangani asubuhi, saa nane ameiva kama..."

"Kama nyanya za Subukia," Cheruto akamalizia.

Mkono wa mzee ukasimama juu ya mahindi.

Cheruto aliinamisha macho, aibu imemshika. Ndipo alipoiona turubai. Pale mzee alipokuwa ameyasukuma mahindi kando, palichungulia shina la mnazi wa kuchorwa, lililopindia kushoto. Mbele kidogo, paa la hoteli nyeupe, rangi imebanduka. Bahari nzima ilikuwa imefunikwa mahindi.

Alitoa picha kwenye bahasha. Mnazi ulipindia kushoto.

Hakulia. Kitu kilimruka kifuani, na kilikuwa karibu na furaha. Kama Mombasa ilikuwa hapa, basi na baba alikuwa hapa. Hata basi hakuna haja ya kulipanda.

"Huyu," alisema, kidole kwenye uso wa baba pichani. "Alikuja hapa na mama yangu. Unamjua?"

Mzee Ndegwa aliichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Hakuuliza jina la mama. Aliinuka polepole, akaenda kwenye makasha, akachakura hadi akatoa kimpira chekundu, kidogo kama yai, kikiburura mrija mrefu mwembamba.

"Hiki kilikuwa kinanipigia picha nikiwa mbali na kamera," alisema. Akakibana. Vidole vikakifunika chote.

Cheruto aliitazama ile ngumi. Akaitazama picha. Akamtazama mzee usoni, akimwongezea nywele, akimpunguzia mikunjo.

"Baba?" Neno lilitoka lenyewe.

Mzee aliangalia pembeni, kwenye mahindi yake.

"Walikuwa wanakuja peke yao," alisema. "Wasichana wa kazi za nyumba, hapa hapa mjini. Tumbo limeshaanza, na nyumbani wanangojewa. Sweta ilikuwa ya studio, ya kulifunika. Niliwapa bahari, nikawapa na hadithi za kwenda nazo. Aliyelia, nilisimama kando yake pichani."

Alipangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza kwake.

"Kaa unywe chai, msichana wangu. Wewe ni wa nne kuja."