Bibi wa Ukutani

Uso ulipotokea kwenye skrini, Mzee Shekue, mwenye studio ya picha, aliacha kubonyeza.

"Binti, picha hii umeitoa wapi?"

"Ni bibi yangu, mzaa baba," Mwanahawa alijibu. "Tunataka ihifadhiwe kwenye kompyuta kabla mchwa hawajaimaliza."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Huyu ni dada yangu Rukia. Picha yake ilikaa pale dirishani kuvutia wateja, mpaka bwana mmoja akaja kuiomba. Alisema mama yake amefariki bila kuacha hata picha moja, na huyu anafanana naye kidogo."

Kila asubuhi ya Idi baba yake Mwanahawa aliwapanga yeye na ndugu zake mbele ya picha hiyo wamwamkie bibi. Na Mwanahawa ndiye aliyesifiwa kwa kurithi ile pua.

"Dada alikufa msichana, hakuzaa," mzee alisema. "Sasa, niendelee?"

Mwanahawa alijishika pua, macho kwenye skrini.

"Shikamoo, bibi," alisema, asijue anamwamkia nani.

Mzee Shekue akakohoa.

"Marahaba, mjukuu wangu."