Uzuri na Kasoro, kwa Mwandiko wa Kikue

Kasoro ya kwanza ilimchekesha Munakata mpaka chai ikampalia. "Ni mzito kuanza," mkewe alikuwa ameandika. Kweli tupu. Mchezo wake wa video ulimzungusha shujaa kijijini saa mbili nzima kabla hajapewa hata fimbo ya kujitetea.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, na Munakata Yasuhiko alikuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani, baada ya kulala siku nne chini ya meza yake ya ofisini, Tokyo. Kesho saa sita mchana mchezo ungepelekwa kiwandani, na kuanzia hapo hata nukta isingebadilishwa. Miaka kumi na moja ya maisha yake ilikuwa mle. Mchezo ukidoda, naye kwisha habari yake, maana ana miaka hamsini na minane na kazi nyingine hajui, hata wali huunguza. Ofisini wote walimwambia ni mzuri, lakini hao walikula mshahara wake. Mtu pekee asiyejua kumvika kilemba cha ukoka alikuwa Kikue.

Ndiyo maana wiki mbili nyuma alimwachia nakala ya mchezo, diski ndani ya bahasha, akamsihi acheze, amwandikie uzuri na kasoro, asimwonee haya. Na Kikue, ambaye hata rimoti ya televisheni huishika kwa vidole viwili, akaandika. Karatasi ilikuwa mezani, nyuma ya tangazo la duka la samaki, safu mbili safi. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwenda Matsue kwa dada yake. Alimwambia juzi kwenye simu, au labda juma lililopita. Paka pia alikwenda naye. Munakata aliona ni jambo jema, paka naye abadilishe hewa.

Alimpigia Nishikori, mkuu wa mafundi wake, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka ishirini na aliyekuwa bado ofisini.

"Mama kasemaje, bosi?"

"Katuvua nguo. Shika kalamu."

Akamsomea. Kikue hakutaja jina la mchezo popote, maana kwa Kijapani kinachojulikana hakitajwi. "Uzuri. Mwanzoni ulinivutia. Una muziki mzuri, ingawa wimbo ni mmoja. Umejaa ndoto."

"Mbona tumepona," alisema Nishikori.

"Ngoja kwanza. Kasoro. Unarudia maneno yaleyale kila siku. Unajibu 'ndiyo' au 'hapana', basi. Unaingia nyumbani, unafungua makabati, unachukua unachotaka, unatoka bila neno."

Nishikori alicheka. "Lakini michezo hii yote ndivyo ilivyo, bosi. Shujaa asipopekua makabati ya watu, dawa atazipata wapi?"

"Ndivyo nilivyotaka kumjibu. Halafu nikajiuliza, hivi nani alinifundisha kwamba ushujaa ni upekuzi?" Munakata alikuwa mwepesi wa kujicheka, apate kuwawahi wengine. "Sikia na hii. Mwanamke wa nyumbani ana sentensi moja tu: umerudi, kula, ulale."

"Hapo kapatia. Nilikwambia tangu mwaka juzi."

"Uliniambia, nikajifanya kiziwi."

Ilikuwa kweli. Katika mchezo ule, kila shujaa akirudi kwake hoi bin taabani, mwanamke mlangoni alimwambia maneno hayo matatu, nguvu zikarudi, akatoka tena kwenda kuiokoa dunia. Munakata alimtunga mwanamke yule kwa dakika tano, kisha akala, akalala.

"Tumwongezee sentensi ya pili," alisema. "Muda tunao?"

"Wa sentensi moja upo. Itaje niiweke sasa hivi."

Munakata alifumba macho, atafute kitu ambacho mke angemwambia mtu wake mlangoni. Alikuwa ameishi na Kikue miaka ishirini na tisa. "Nitakupa baadaye," alisema hatimaye, aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mtunzi mzima, kurasa elfu nne za mazungumzo amezijaza, leo sentensi moja imemtoa jasho.

"Na mwisho kasemaje? Anawashauri watu wanunue?"

Mstari wa chini ulikuwa umeandikwa kwa mkono uliotulia kuliko yote ya juu. Munakata aliusoma polepole. "Nilivumilia sana, nikidhani huko mbele mambo yatabadilika. Naishia hapa."

Ilimuuma. Hakukasirika, aliumia tu, kwa kuwa maneno yalikuwa ya kweli na yametoka kwa mtu anayemheshimu. Akajiapia kwamba Kikue akirudi atampeleka kula mahali atakapochagua mwenyewe, na habari za mchezo hatazigusa kabisa, hata kama itabidi ajitie kitambaa mdomoni.

"Kaishia wapi lakini?" Nishikori aliuliza. "Mashine ya kuchezea inahifadhi saa zote alizocheza. Iwashe uangalie, bosi. Tukijua mahali alipochoka, tunaparekebisha leo leo."

Wazo zuri. Munakata akaenda sebuleni na simu sikioni, akapiga magoti mbele ya televisheni.

"Nadhani kafika saa thelathini hivi," alisema huku akipapasa kitufe. "Kikue ana subira sana."

Mashine ilikuwa tupu. Bahasha ya diski ilikuwa imelala juu yake, gundi haijaguswa, na juu ya bahasha kulikuwa na ufunguo wa nyumba wa Kikue.