Alama za Kisu Mlangoni

Chumba walimonihojia kilikuwa jiko langu. Zamani, hizi zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Sasa ni ofisi, lakini masizi yangu bado yako juu ya dirisha.

Walitafuta wajumbe wa bodi ya kusimamia polisi wa reli, nami nilikitaka kiti hicho kwa roho yote. Nani asiyetaka kurudi jikoni kwake?

"Bibi," akauliza mwenyekiti, "una ndugu yeyote katika kikosi hiki? Mwenye ndugu hatumchukui."

Mwanangu alikuwa analinda mlangoni, sajini mzima. Nilipokuwa naingia alininong'oneza, "Mama, sema huna. Nani atajua?"

Nikamtazama. Kwenye mwimo wa mlango, ubavuni mwake, alama zangu za kisu zilionekana chini ya rangi mpya: ya kwanza ilimfika pajani, ya mwisho kifuani. Kila mwaka nilimpima pale, na kila mwaka alijiinua kwa ncha za vidole vya miguu, mwizi wa urefu yule.

"Shusha visigino, mwanangu niliyekuzaa," nikamwambia mbele yao wote.