Kompyuta ya Marehemu

Tangu Mbarouk afariki, kompyuta yake ilichukua nusu saa kuwaka, na ikishawaka ilimkaribisha mjane wake, Sikudhani, kwa jina la marehemu. Mjane huyo aliivumilia mwaka mzima, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine wa kulitaja jina hilo. Mwishowe akaipeleka kwa fundi Zamda.

"Nitakuwekea Linux, mama, mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta. Ni mwepesi, unazifaa mashine kuukuu," alisema Zamda. "Picha na barua za mzee nimeshazinakili kwenye flashi. Sasa niambie, niuache mfumo wa zamani kando ya mpya, au nifute yote?"

Zamda akaondoa mkono kwenye kipanya, akamngoja Sikudhani.

"Futa."

Kazi ilipokwisha, mashine iliuliza jina la mtumiaji. Sikudhani akaandika lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja.

"Na rangi ya kioo, mama? Unapenda ipi?"

Nyumbani, kuanzia mapazia hadi vikombe, Mbarouk ndiye aliyechagua.

"Sijui, mwanangu," alisema Sikudhani. "Hebu nionyeshe zote."

Rangi zikaanza kupita mbele yake, moja baada ya nyingine.