Kadi ya Mtoto Iko Wapi?

Haraka haraka ina baraka zake. Asiyesadiki akawaulize waliokwama getini asubuhi ile, treni ikiwapigia honi upande wa pili.

Fundi cherehani alikuwa wa tatu kwenye foleni. Begani alibeba gauni la harusi ndani ya mfuko wa plastiki, na mwenye gauni alikwisha kupiga simu mara ya kwanza akilia, mara ya pili akitukana. Mageti mengine yalikuwa mabovu, yamefungwa kamba. Lililobaki ni hili, na katikati yake alisimama bibi mmoja mnene, amemshika mjukuu wake mkono. Taa nyekundu. Chuma hakisogei.

"Kadi ya mtoto iko wapi?" aliuliza karani wa geti, mwanamke kijana, mwembamba, sare ya buluu imepigwa pasi ikapigika, uso mkavu kama ukuta.

"Mtoto anapita kwa kadi yangu," alijibu bibi. "Siku zote."

"Siku zote alikuwa hajafika miaka saba. Sasa amefika. Wa miaka saba anapita kwa kadi yake mwenyewe."

"Hana kadi."

"Anayo. Imeachwa nyumbani makusudi."

Foleni ikaguna. "Siku hizi unapiga ramli?" fundi alipaza sauti. "Fungua, dada, watu tuna kazi!"

Karani alimtazama mtoto. "Funga kamba ya kiatu, utaanguka."

Mtoto akainama akafunga mara moja.

Hapo fundi alipandwa na mori. Aliwajua watu wa namna hii. Mpe mtu sare leo, kesho atataka umsalimie kwa magoti. Mwanawe wa pili alipoanza kurefuka, mkaguzi mmoja alimsimamisha ukutani akampima kama kitambaa, watu wanatazama, na yeye mama mtu akanywea, akalipa, akapita. Hasira ile hakuimeza wala hakuitema. Ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alijipenyeza mpaka mbele, gauni likiwapiga watu usoni.

"Bibi, nisubiri hapa. Nakwenda kumnunulia mtoto kadi pale dirishani, yaishe."

"Rudisha mkono wako, mwanangu," bibi alisema bila kugeuka. "Sikuja kuomba sadaka. Afungue yeye, kwa mkono wake."

"Sifungui," alisema karani.

"Basi tutalala hapa hapa."

"Laleni."

"Jamani, mnasikia?" fundi aliigeukia foleni. "Mtu mzima anajibiwa hivi! Kweli, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!"

"Mfunze leo!" alidakia mzee mmoja wa nyuma.

Ajabu ni kwamba aliyekasirika alikuwa bibi. "Mamaye mwacheni," alisema kwa ukali. "Mamaye alifanya kazi yake."

Maskini, fundi aliwaza, bibi wa watu ana roho nzuri mpaka inamponza. Anatukanwa, na bado anamtetea mzazi wa anayemtukana. Hilo likazidi kumchochea.

Kelele zilimtoa msimamizi ofisini, kikombe cha chai mkononi. Kila abiria alizijua habari zake. Mwezi uliopita alimfukuza kijana wa geti la pili kwa kumpitisha shemeji yake bila kadi, na hakumwacha hata amalize zamu. Lakini msimamizi alikuwa simba mbele ya mtu mmoja. Mbele ya umati alikuwa paka wa jikoni.

"Mpitishe," alimnong'oneza karani, mnong'ono uliosikika foleni nzima. "Mwombe mama wa watu radhi, tumalize."

"Niandikie kwamba umeniamuru," karani alisema. "Andika, utie na saini."

Msimamizi akakohoa. "Nani amezungumza habari ya kuandika?"

"Basi kesho utasema nilifungua mwenyewe."

Chai ilimwagika kidogo kwenye sahani. "Omba radhi," msimamizi alisema, na sasa hakunong'ona. "Omba radhi, au uvue hiyo sare."

Foleni ikapiga makofi. Fundi alipiga kuliko wote, ingawa mkono mmoja ulikuwa na gauni. Alimtazama bibi, akitarajia kumwona anatabasamu. Bibi hakutabasamu. Alikuwa amemvuta mjukuu ubavuni, midomo ikimcheza kama mtu anayetafuta neno la kurudisha nyuma alilokwisha kulisema.

Ng'ambo ya geti treni ikapiga honi ya mwisho, mabehewa yakaanza kujikokota. Fundi aliiona harusi nzima ikiondoka pale pale, mbele ya macho yake, kwa sababu ya kisichana kimoja chenye kiburi na kadi moja ya mtoto. Yote yaliyokuwa kooni yakatoka.

"Miaka saba, miaka saba!" alifoka. "Umemzaa wewe, hata uujue umri wake kuliko bibi yake?"

Karani alishuka kwenye kiti chake kirefu. Akafungua kifungo cha kwanza cha koti la sare, cha pili, cha mwisho. Akalivua, akalikunja vizuri, akamwekea msimamizi mkononi, juu ya kikombe.

"Nimemzaa mimi," alisema. "Na huyo unayemtetea ndiye aliyenizaa. Siombi radhi."